Makosa tuliyofanya tulipompeleka mama kliniki ya moyo

Mama yangu aliacha kwenda shamba mwezi wa pili mwaka jana na sisi watoto wake wote tukasema ni umri. Anakaa Muheza, mkoa wa Tanga, ana machungwa yake huko bondeni, mtu ambaye miaka yote alikua anaamka alfajiri anashuka na kupanda na kikapu kichwani, halafu ghafla akawa anapanda kale kamlima anasimama mara tatu mara nne, kashika kiuno, anahema. Tukimpigia simu anasema yuko mzima, miguu tu inajaa jioni. Mi niko Dar, kaka yangu yuko Dodoma, mdogo wetu wa mwisho yuko naye hapo nyumbani lakini ni wa kiume, na mama hamwambii kila kitu. Tukakaa na hiyo "umri" yetu miezi minne mizima.

Ndani ya hiyo miezi minne alitibiwa nimonia mara mbili zahanati maana alikua anakohoa sana usiku na kifua kinabana. Shangazi naye akaleta unga wa mizizi wa kutoa maji mwilini. Hakuna aliyekua na nia mbaya, kila mtu alikua anasaidia kwa anachokijua. Ila kuna kitu kimoja ambacho mdogo wangu alikiona na hakujua kama kina maana: mama alikua halali tena kitandani, anasinzia kwenye kiti cha plastiki sebuleni, kichwa kaegemeza ukutani. Alipoulizwa akasema kitandani kuna joto.

Naomba uliangalie sana hili kwa wazee wako. Mtu ambaye zamani alikua analala vizuri tu na sasa anaongeza mito, au anaamka saa nane usiku anakimbilia dirishani kutafuta hewa, usisubiri hadi miguu ivimbe ndo ushtuke. Moyo ukishindwa kusukuma damu vizuri maji yanajaa kwenye mapafu, akilala anabanwa, akikaa anapata nafuu, ndo maana anakimbia kitanda. Sisi tulidhani ni joto la Tanga kweli.

Hospitali ya wilaya walimpiga picha ya kifua, daktari akasema moyo umetanuka, presha iko juu sana, akaanzishiwa dawa ya presha na Lasix ya kutoa maji, akaandikiwa barua ya rufaa aje kwa bingwa wa moyo. Hapo ndipo safari yetu ilipoanza na hapo hapo ndipo makosa yetu yalipoanza.

Kosa la kwanza lilikua njiani. Mama aliacha Lasix siku mbili kabla ya kupanda basi. Hakumwambia mtu. Sababu yake ukiisikia utamuelewa kabisa, ile dawa inamkojoza kila baada ya dakika chache, sasa yeye mwanamke mtu mzima kwenye basi masaa sita amwambie dereva simamisha nichimbe dawa? Akaona bora aache. Nilimpokea stendi ya Magufuli pale Mbezi jioni, miguu imejaa hadi ukibonyeza kidole kinaacha shimo, maneno matatu anapumzika. Usiku ule hatukulala, saa saba tulimkimbiza emajensi ya hospitali ya jirani wakamchoma sindano ya kutoa maji na kumuwekea oksijeni. Nilipokuja kumuelezea daktari akaniambia wagonjwa wengi wanafanya hivyo hivyo wakisafiri. Kama mgonjwa wako anatumia hiyo dawa ongea na daktari kabla ya safari, mara nyingi kinachowezekana ni kubadilisha saa ya kumeza, kwa mfano aimeze akishafika, au mkate safari mara mbili. Wengine wanavaa pampasi za watu wazima na hakuna aibu yoyote. Kuacha kimya kimya ndo hatari.

Hospitali tuliyokwenda kliniki sitaitaja, ninachosema kinahusu popote. Siku hizi kuna Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili, tangu 2015, kabla ya hapo wagonjwa wengi waliohitaji upasuaji wa moyo ilikua lazima wapelekwe nje, India hasa. Na kliniki za moyo zipo pia hospitali kubwa za kanda kama Bugando Mwanza na KCMC Moshi, kwa hiyo uliza kwanza wanapokuandikia rufaa wapi ni karibu na kwenu, maana kliniki ya moyo siyo ya kwenda mara moja ukamaliza, utarudi na utarudi tena. Sisi tulichagua Dar kwa sababu mi nipo Dar, na hilo siyo baya, ila hatukupiga hesabu ya nauli za kwenda na kurudi.

Siku ya kliniki tulitoka Tabata saa 10 na nusu usiku ili tuwahi namba. Nikamwambia mama asile, asinywe chai na asimeze dawa zake, kwa sababu kichwani kwangu "vipimo" maana yake ni kwenda na njaa. Hakuna aliyeniambia hivyo, nilijiamulia tu. Tukaingia kwa daktari saa 7 mchana. Mama mgonjwa, ana njaa, hajameza dawa ya presha tangu jana yake asubuhi, nesi akampima ikasoma 194 kwa 110. Nesi akaniuliza leo kameza dawa? Nikasema hapana, tumekuja kwa vipimo. Akanitazama akasema, dada, sasa daktari atajuaje kama dawa haifanyi kazi au hajameza?

Hilo swali nimelikumbuka hadi leo. Daktari anataka kuona presha ikoje ukiwa umetumia dawa. Usipomeza, anaweza kukuongezea dozi ambayo huihitaji, na ukirudi nyumbani ukaanza kuzimeza zote presha ikashuka hadi ukadondoka bafuni. Kwa hiyo meza dawa zako za asubuhi kama kawaida na maji, isipokua kama wao wenyewe wamekwambia usimeze. Njaa inahitajika kwa baadhi ya vipimo tu, kama vile damu ya sukari ya asubuhi, wakati mwingine mafuta kwenye damu, au ile eko (kipimo cha kuuona moyo kwenye skrini) ya kumezeshwa mpira na kile kipimo cha kuingiza waya kwenye mshipa. Eko ya kawaida ya juu ya kifua unakula vizuri tu. Piga simu au uliza dirishani ulipochukulia tarehe, dakika mbili zinakuokolea siku nzima. Na beba chakula, ndizi, viazi vya kuchemsha, chochote kisicho na chumvi, utakaa sana.

Kuhusu presha yenyewe, usikubali mgonjwa apimwe akiwa ndo kapandisha ngazi. Akae kama dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini isikunjwe nne, kibofu kitupu, mkono usawa wa moyo, asiongee. Foleni ikiwa ndefu watu wanapimwa wanaongea na simu. Unaweza kuomba kwa adabu arudiwe, mi niliomba na nesi akakubali, ikashuka kidogo.

Halafu dera. Mama alivaa dera lake zuri la kutokea maana anakwenda kuonana na mabingwa. Kwenye ECG, kipimo cha mapigo ya moyo, wanabandika vishikizo kifuani, mikononi na miguuni, eko wanapaka jeli kifuani ulalie ubavu wa kushoto, kwa hiyo dera lote linapanda hadi shingoni, na mama yangu ni mtu wa stara sana, nilimuona alivyojikunyata nikaumia. Mgonjwa wa kike avae blauzi na sketi, au blauzi na kanga, abebe kanga ya pili ya kujifunika. Na asijipake mafuta kifuani siku hiyo, mama alijipaka ya nazi kama kawaida yake, vile vishikizo vikawa vinateleza, fundi akamfuta kwa spiriti mara mbili.

Ni lazima pia umwelezee mtu wako kabla hajaingia. Mama aliambiwa ECG ni kipimo cha umeme wa moyo, yeye akasikia neno umeme tu, alikua anatetemeka akidhani anapigwa shoti. Kumbe ile mashine haikupeleki umeme wowote, inasikiliza ule umeme mdogo ambao moyo wenyewe unautengeneza, dakika chache imeisha. Eko nayo ni ile ile teknolojia ya kumuangalia mtoto tumboni, haina mionzi, haiumi, labda atabonyezwa kidogo kwenye mbavu. Ilichukua kama nusu saa. Nilipomwambia "ni kama tulivyomuona mjukuu wako tumboni" akatulia.

Majibu ya eko tulipewa kwenye karatasi tukae tusubiri kuitwa. Mi nikafungua nikaanza kusoma. Kizungu kirefu, nikaona EF 32%. Nikatoa simu nikatafuta, nikaelewa kwamba moyo wa mama unafanya kazi asilimia 32 kati ya 100, yani zimebaki 32. Nilikwenda chooni nikalia hadi nikanawa uso mara tatu ili asijue. Nilimpigia kaka nikamwambia ajiandae.

Kumbe sivyo inavyosomwa. Daktari alichora kwenye karatasi akanielezea: kile chumba cha moyo cha kushoto kikijaa damu, kikikamua, ni kiasi gani cha ile damu kinatoka. Hata mtu mzima wa afya kabisa haitoki yote, kwake inatoka kama asilimia 55 hadi 70. Kwa hiyo 32 ni chini, ni ugonjwa wa kweli, hakunificha, lakini ni 32 kwenye kipimo ambacho mzima anapata sitini, na inaweza kupanda kwa dawa. Laiti ningesubiri nusu saa nisikie hayo kabla ya kumpigia kaka. Majibu yasubiri daktari, najua ni ngumu.

Sasa nije kwenye kosa ambalo ndo hasa limenifanya niandike yote haya.

Daktari alikua kijana mpole, alimsalimia mama shikamoo vizuri, akauliza mama unatumia dawa gani? Nikajibu mimi. Amlodipini na Lasix. Akauliza unalalia mito mingapi? Nikajibu mimi, miwili. Miguu imeanza kujaa lini? Mimi. Kuna dawa nyingine yoyote? Hamna daktari, hizo tu. Nilikua najibu haraka haraka kwa sababu nje kuna foleni, mama anaongea taratibu na akichoka anachanganya na Kibondei, na pia nilitaka daktari aone huyu mgonjwa ana watu. Mama kakaa pembeni mikono kwenye mapaja, ananiangalia mdomo.

Tukapewa dawa mpya, Lasix ikaongezwa mara mbili, turudi baada ya wiki mbili na kipimo cha damu cha figo. Wiki mbili mama anameza kila kitu, mimi mwenyewe nahesabu vidonge, na miguu haipungui. Kipimo cha figo kikaja kimepanda. Daktari akawa anaangalia karatasi anaangalia miguu, akaniambia kwa upole kabisa, dada yangu, leo naomba mama anieleze mwenyewe, wewe pumzika.

Mama akaanza. Kwanza akasema yeye halalii mito miwili, anakaa kwenye kiti, hata kwangu nikishalala anatoka anakwenda kukaa kwenye kochi. Nilikua sijui, yani nyumba moja. Halafu daktari akauliza, mama, mwilini kuna sehemu nyingine inakusumbua? Akasema goti. Unalifanyaje? Akafungua pochi yake akatoa karatasi imekunjwa kunjwa, ndani kuna vidonge. Diklofenaki. Anameza asubuhi na jioni, zaidi ya mwaka, ananunua duka la dawa hapo Muheza kwa bei ndogo tu, na kwangu alikuja nazo. Na ule unga wa shangazi alikua bado anaukoroga kwenye uji.

Nikamuuliza, mama kwa nini hukusema? Akanijibu, mwanangu, mmenileta kwa ajili ya moyo, goti halihusiki.

Na yuko sahihi, kwa akili ya kawaida goti linahusiana vipi na moyo? Daktari akatuelezea kwamba dawa za maumivu za kundi hilo, diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zake, zinaufanya mwili ushike chumvi na maji, zinapandisha presha, na zinaumiza figo hasa zikikutana na hizi dawa za moyo. Yani Lasix inatoa maji mlango wa mbele, diklofenaki inayarudisha mlango wa nyuma. Kuhusu unga wa mizizi, daktari alisema hajui ndani kuna nini, kwa hiyo hawezi kusema hauna madhara, akaomba tuuache. Hakumgombeza mama hata kidogo. Angemgombeza nina uhakika kliniki iliyofuata mama angeficha tena.

Ndani ya siku 10 mama alishuka kutoka kilo 71 hadi 65 na kitu. Karibu kilo sita za maji. Akalala kitandani.

Kwa hiyo sasa tuna mfuko, mfuko tu wa kawaida, ndani kuna kila kitu ambacho mama anakimeza, anajipaka au anajidondoshea, na unakwenda naye kliniki kila tarehe unamwagwa mezani. Vidonge na maboksi yake, dawa za kienyeji, za kuchua, za macho. Ndio, za macho pia, kuna matone ya presha ya macho yenye timololi ambayo yanaweza kupunguza mapigo ya moyo, jirani yetu alikua nayo na hakuwahi kumtajia daktari wake. Usitegemee kukariri majina, beba vyenyewe. Na umuache mgonjwa aongee. Kama hajui Kiswahili vizuri mtafsirie, lakini tafsiri alichosema yeye, usitafsiri unachodhani. Kama unaona amesahau kitu subiri amalize ndo uongeze. Akitaka kuongea na daktari peke yake toka nje, kuna mambo mama hawezi kuyasema mbele ya mtoto wake, hasa mkwe au mtoto wa kiume akiwa ndani.

Hela sasa. Kaka ni mtumishi wa serikali na mama yuko kwenye bima yake ya afya ya NHIF, bila hiyo sijui. Hata hivyo mwezi wa kwanza nilihesabu ikafika kama 410,000, nauli zake na za mdogo wangu aliyemsindikiza, usafiri wa hapa mjini maana mwendokasi alikua hawezi kusimama, dawa mbili ambazo dirishani hazikuwepo tukanunua nje, mizani, mashine ya presha. Kabla hujaondoka hospitali pita dirisha la dawa kwanza uone kipi kipo, kama kuna kisichokuwepo rudi kwa daktari siku hiyo hiyo umuulize kama kuna mbadala ambao bima inalipia. Mi nilikwenda moja kwa moja duka la nje, nikaja kugundua mwezi uliofuata kwamba mbadala ulikuwepo. Na karatasi zote, eko, ECG, damu, piga kopi na picha ya simu, faili linaweza lisionekane siku ya kliniki na wakaanza upya.

Mizani ni kitu nilichokidharau na ndo kimetusaidia kuliko vyote. Kila asubuhi akishatoka chooni, kabla ya chai, anapanda, mdogo wangu anaandika kwenye daftari. Tuliambiwa akiongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3 ni maji hayo, tupige simu tusisubiri tarehe. Tumeshapiga mara moja, ilikua baada ya harusi, alikula ng'onda, samaki wa kukaushwa kwa chumvi. Chumvi kwetu Tanga ni vita, papa, ng'onda, dagaa wa chumvi, na vile viungo vya pakiti vya mchuzi watu hawahesabu kama chumvi. Anatumia ndimu na tangawizi sasa, analalamika, anakula.

Dawa moja, enalapili, ilimletea kikohozi kikavu, akaiacha mwenyewe wiki nzima. Ni madhara yanayojulikana, tuliposema akabadilishiwa losatani kikaisha. Nyingine ya kupunguza mapigo ilimchosha sana mwanzoni, tukaambiwa inaanzwa kidogo inapandishwa polepole na isikatwe ghafla. Kitu kikikusumbua sema, usikate. Na usikate pia ukijisikia umepona, mama alitaka kufanya hivyo mwezi wa tatu wa kutumia dawa alipoanza kushuka bondeni tena, tukabishana sana kwenye simu, nikamwambia umepona kwa sababu unazimeza.

Ila kuna mambo ya kutosubiri kliniki kabisa: maumivu ya kifua yanayokandamiza na kwenda mkononi au kwenye taya, kuzimia, kuhema ukiwa umekaa tu, mdomo kupinda au upande mmoja kukosa nguvu. Hayo ni emajensi usiku huo huo, tafuta gari, habari za barua ya rufaa zitakuja baadae.

Eko ya pili baada ya miezi sita ilisoma EF 41%. Damu na presha anapimia Tanga mjini, Dar anakuja kila baada ya miezi mitatu, na siku ya basi Lasix anaimeza akifika.

Goti bado linamuuma. Hilo hatujalimaliza. Anatumia parasetamoli, amefundishwa mazoezi ya kunyoosha mguu akiwa amekaa, usiku anakanda maji ya moto, na kuna siku mdogo wangu ananiambia leo mama kalia. Kliniki ijayo ni mwezi wa tatu, ana karatasi yake ya maswali kaiandika mwenyewe kwa penseli, na la kwanza ni goti.